Waya wa Teddy

Vidole vitatu vya Eustakio vililetwa kwangu ndani ya kofia. Mwenyewe walikuwa wamempakia katikati ya pikipiki, na aliyekaa nyuma yake ndiye aliyeishika ile kofia, ameikumbatia kana kwamba amebeba mayai. Walitoka Narung'ombe mpaka kituo chetu cha afya huku Mnero wakiamini nitavishona virudi mahali pake. Mimi ni muuguzi, si fundi cherehani. Niliviangalia, nikaviweka pembeni, nikaanza kuzuia damu.

Nilimwambia anieleze kilichotokea, maana mtu anayeongea hazimii upesi. Akasema ng'ombe za Wasukuma zimeingia kwenye mikorosho ya kaka yake, zinakula mabibo. Huku kwetu korosho haichumwi mtini. Unasubiri bibo liive lianguke lenyewe, ndipo unaokota na kunyonyoa korosho yake. Kwa hiyo jasho la mwaka mzima linalala chini ya mti, na ng'ombe akikutangulia asubuhi anameza bibo pamoja na korosho. Eustakio alimkuta mmoja anatafuna. Hakumfukuza. Alimpasua tumbo akiwa hai, akazamisha mkono, akaanza kutoa korosho. Bado anachokora humo ndani, mchungaji akafika na panga, akavikata vidole vya ule mkono mwingine ulioegemea mbavu za ng'ombe.

"Hivi wewe ulikuwa na akili?" nilimuuliza.

"Shemeji, korosho ni zetu."

Nilimchoma sindano ya ganzi bila kumwonea huruma. Nimeanza na vidole hivi kwa sababu ndivyo vilivyoharibu kila kitu, na kwa sababu Teddy alikuwepo siku ile, amesimama mlangoni, amenishikia beseni.

Teddy ni mtoto wa marehemu dada yangu Valeria. Baba yake, Anselmo, ana shamba la mikorosho Narung'ombe, na Eustakio ndiye mdogo wake. Valeria alipofariki nilimchukua binti nikamlea mimi hapa Mnero, karibu na shule na kanisa, na asiyependa jambo hilo alinieleza, yakaishia hapo. Siku moja, akiwa bado mdogo, aliishika pasi yangu yenye waya uliochubuka, ikamrusha mpaka ukutani. Nilikimbia kutoka jikoni nikamkuta amenyanyuka, ananyoosha mkono kuishika tena. Nilimzaba kofi.

"Nilitaka kujua kama itanipiga vilevile," alisema, machozi yanamtoka.

Mtoto wa namna hiyo utampeleka wapi? Alikwenda chuo kikuu Dar es Salaam, shahada ya kwanza ya uhandisi wa elektroniki, miaka minne. Ukoo mzima uliniuliza kama shahada ndiyo inahitajika kutengeneza redio. Eustakio alisema anaweza kumfundisha bure pale kwenye mashine ya kusaga anayoiendesha, jirani na shamba la kaka yake. Walicheka sana. Mimi sikucheka.

Chuo hakikumpokea vizuri. Mwaka wa kwanza hesabu zilimgaragaza, akarudia mtihani. Katika kundi lake la maabara wavulana walikuwa wanamwachia kuandika majibu huku wenyewe wameshika vifaa, mpaka siku alipompokonya mmoja chuma cha kulehemu, kikawaunguza wote wawili. Alinionyesha kovu kwenye simu akiwa anacheka. "Sasa hivi hawaniletei za kuleta, Mama mdogo," alisema. Mwaka wa pili akawa anawafundisha yeye. Nilijisikia fahari hata nikawa nawaeleza wagonjwa habari za transista na kapasita nisizozijua.

Mwaka wa tatu ulipokaribia kwisha, mwalimu wake aliwaambia kila mmoja achague tatizo la kwao alitengenezee kifaa, ndiyo iwe kazi yake ya kumalizia shahada. Wenzake walichagua taa za barabarani na mageti. Teddy alikumbuka ile kofia ya likizo iliyopita. Alikuja likizo ndefu na boksi lenye ukubwa wa kiberiti cha jikoni mara kumi, ndani yake koili ya gari kuukuu, saketi aliyoilehemu mwenyewe, na nyaya za betri ya pikipiki. Linapeleka umeme kwenye waya wa uzio kwa mapigo, tap, halafu kimya, halafu tap. Kila pigo ni kali lakini ni fupi mno, moyo hauna hata muda wa kushtuka. Ng'ombe akigusa anaruka nyuma, na kesho harudi. Mtu akigusa anatukana tu.

"Umeme unaoua ni ule usiokuachia," alinieleza. "Wa ukutani unakaza misuli, unataka kuachia, mkono unakataa. Huu wangu unakupiga halafu unakuachia mwenyewe."

Nilidhani atafunga waya shambani kwa baba yake na yaishe. Badala yake alipanda pikipiki na boksi lake peke yake, akaenda Nanganga, nyumbani kwa Amosi, Msukuma ambaye ng'ombe wake ndio waliokuwa wanakula mabibo. Nilipopata habari nilipandwa na hasira. Hawa watu wametoka huko ziwani na mifugo yao juzi tu, hatujuani, na damu ya Eustakio ilikuwa haijakauka vizuri. Yeye akaenda kuwapigia hodi na betri.

Walimkaribisha. Mke wa Amosi, Lydia, alimpa maziwa ya mgando. Teddy alivuta waya kati ya vijiti viwili uani, akawasha, akaushika yeye kwanza ili waone. Kisha akaushika Deus, kijana wao mkubwa, akaruka, akatukana Kisukuma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Huu unatekenya tu," alisema. "Dada, leta tena."

Alishika tena, akapiga picha za simu na kuwatumia rafiki zake. Tangu siku hiyo Deus akawa mwenzake wa kazi. Alimkatia nguzo, wakachana kandambili kuukuu na kuzipigilia kwenye nguzo ili waya usiguse mti, na yeye ndiye aliyemwonyesha urefu wa waya unaomfaa ndama na unaomfaa dume. Nilisikia binti anavyolitaja jina la yule kijana, nikajua, nikajifanya sijui. Walizungushia shamba la Anselmo upande wote wa bondeni, na msimu ulipoanza ng'ombe walifika kwenye waya, wakapigwa, wakageuka. Amosi mwenyewe alikuwa anasimama mbali na fimbo yake mabegani, anatazama, anatikisa kichwa. Kituoni nilikuwa nashona watu waliojikata na majembe yao wenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Aliyekosa amani alikuwa Eustakio. Alikuwa anakuja uzioni, anaugusa waya kwa kile kidole gumba kilichobaki na mwenzake, anaruka kidogo, anatema mate.

"Mimi nimetoa vidole vitatu," alimwambia Teddy mbele yangu. "Wao wanatekenywa. Ongeza nguvu."

"Hapana, Baba mdogo."

"Kwani huwezi?"

"Naweza. Siongezi."

Jumapili moja Teddy alitoka kwa baba yake, alikokuwa analala siku za kazi ya uzio, akaja Mnero tusali pamoja. Asubuhi ile Eustakio alitoa waya ukutani kwenye mashine ya kusaga, waya wa umeme wenyewe, ule usiokuachia, akaupitisha majanini mpaka kwenye uzio, akaufunga juu ya waya wa Teddy. Kisha akakaa mlangoni pa mashine kusubiri ng'ombe.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, bonde limelowa. Deus na baba yake walikuwa wanawapitisha ng'ombe kwenda kunywa. Mtamba mmoja aliteleza kwenye tope akauangukia waya, akaanguka na hakuinuka, akawa anatetemeka, ulimi nje. Msukuma hamwachi ng'ombe chini. Deus hakusita hata kidogo, kwa nini asite? Waya huo aliufunga yeye, aliushika mara nyingi, ulikuwa unatekenya tu. Akaingia topeni akaushika kwa mkono mzima ili auinue shingoni kwa mtamba.

Amosi aliona mwanawe amesimama wima ameshika waya bila kusema kitu. Alimwita. Halafu akaona moshi kwenye vidole. Alimrukia kiunoni, mwenyewe akatupwa pembeni, na mkono wake mmoja haufanyi kazi mpaka leo. Kule kwenye mashine mtu alizima, na Deus akaanguka kifudifudi topeni. Amosi alipomgeuza alikuwa ameshakufa, na macho yamejaa matope.

Yaliyofuata siku ile siwezi kuyasimulia kwa mpangilio kwa sababu hayakuwa na mpangilio. Wasukuma walikuja kutoka Nanganga na fimbo, mikuki na petroli. Nyumba ya Anselmo iliungua na korosho zote zilizokuwa ndani, na mafuta ya maganda yake yakawa yanarukaruka motoni na kuwaunguza hata waliowasha. Watu wetu walitoka na mapanga, na kwa kuwa binadamu walikuwa wanakimbia, wakawakata ng'ombe, wakawakata mishipa ya miguu na kuwaacha wanajikokota. Ng'ombe hao walilia mpaka jioni. Sitaki kusikia tena sauti ile.

Teddy alipopata simu alikimbilia huko kabla sijamzuia. Alifika pale topeni, akapiga magoti karibu na maiti, akaanza kuufuata waya kwa macho. Binamu zake Deus wakamkuta hapo. Walimpiga kwa fimbo za kuchungia, mgongoni, kichwani, wakamvunja mtulinga, ule mfupa wa begani, upande wa kushoto, na wangemuua kama Lydia asingejilaza juu yake. Lydia alikuwa anapiga kelele, "Ng'wanawane, ng'wanawane," mwanangu kwa lugha yao, akimlilia Deus, na hata leo sijui kama wakati ule alijua aliyemlalia ni nani.

Kituoni niliwaweka Wasukuma chumba kimoja na watu wetu chumba kingine. Haikusaidia. Mmoja mwenye jeraha la kichwa aling'oa chuma cha kutundikia dripu, akaenda nacho chumba cha pili kumalizia kazi. Nilimkuta mlangoni. Nilimpiga kwa ndoo ya dawa ya kusafishia sakafu, nikamwambia akitaka kuua aue na muuguzi, kisha ajishone mwenyewe. Alikaa chini akalia. Walikuwa vijana watupu, hao wote. Nilikuwa nimewachukia wote kwa pamoja.

Polisi walikuja, wakachukua fyuzi za mashine ya kusaga bila Eustakio kujua, wakafunga mlango, wakauliza. Kila mmoja wa upande wetu alisema neno moja: ni mashine ya Teddy. Eustakio alikuwa ameshauvuta ule waya wake na kuuviringisha ghalani, nyuma ya mashine. Jumatano wakaja kwangu, yeye na Anselmo, wakakaa kwenye kitanda alicholazwa binti.

"Sema ilipata hitilafu," Anselmo alimwambia mwanawe. Alikuwa anaangalia sakafu. "Wewe ni mwanafunzi. Mwanafunzi anakosea, watakuonea huruma. Baba yako mdogo ana watoto, na mkono wenyewe ndio huo."

"Chuo watanifukuza, Baba."

"Utaolewa."

Eustakio akaongeza, kwa upole wa kinafiki, "Jela huendi, mwanangu. Wewe msichana."

Niliwatoa nje kwa fagio, shemeji zangu wote wawili, na wagonjwa wakaona. Kisha nilirudi nikamwambia Teddy asithubutu. Nilimlea kwa ajili ya shahada ile, nilisema, na sitakaa kimya ipotee kwa mjinga aliyekatwa vidole akikwangua tumbo la ng'ombe. Nilisema mengi. Yeye alikuwa anatazama dari.

"Mama mdogo, sio shahada," alisema. "Deus aliushika kwa sababu mimi nilimwambia hauui. Nikisema mashine yangu imeua, basi nilimdanganya. Na mama yake atakaa na hilo maisha yake yote, kwamba mtoto wake alidanganywa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimnywesha maziwa."

Mkutano uliitishwa Jumamosi mbele ya mashine ya kusaga, pembeni ya shamba. Wasukuma walikaa upande mmoja, sisi upande mwingine, askari wenye bunduki katikati. Teddy alikuja na mkono umefungwa kwa kanga yangu, uso umevimba jicho moja halifunguki. Alimwomba mkubwa wa askari ruhusa ya kuliwasha boksi lake. Watu wakaguna, wengine wakarudi nyuma. Yule askari alifikiri kidogo, akakubali, sijui kwa nini. Labda na yeye alikuwa amechoka kusikia uongo.

Teddy alifunga betri kwa mkono mmoja. Tap. Kimya. Tap. Mapigo yalisikika mpaka tulipokaa.

Teddy aliushika waya kwa mkono mzima, peku, amesimama kwenye tope lilelile. Mwili ulimruka. Hakuachia. Pigo jingine likaja, na jingine, na kila pigo lilitikisa ule mfupa uliovunjika, akawa anauma mdomo mpaka damu ikamtiririka kidevuni. Wazee wa huku walikuwa na mwavi: mtuhumiwa ananywa sumu mbele ya watu, akitapika yu safi, akifa alikuwa mchawi. Serikali na padre walishaukataza zamani. Lakini mzee mmoja nyuma yangu alisema taratibu, "Binti anakunywa mwavi," na watu wote upande wetu walielewa.

Lydia alisimama. Amosi alimshika nguo, akajinasua. Alitembea mpaka uzioni, akamtazama Teddy usoni, kisha akaushika waya yeye pia. Aliruka, akashika tena kwa nguvu. Wanawake wawili wakawa wanatikiswa pamoja, pigo kwa pigo.

"Unatekenya tu," Lydia alisema. "Mwanangu aliniambia. Unatekenya tu."

Teddy aliuachia, akaenda akalizima boksi, akachomoa betri. Kisha akaingia ghalani, akatoka na ule waya mweusi ulioviringishwa. Alijua ulipo kwa sababu yule mjinga hakuwa na pengine pa kuuficha. Aliichomeka ncha moja kwenye soketi ya ukutani pale nje, akaiburuta ya pili majanini mpaka uzioni, akaifunga kwenye waya. Alifanya yote kwa mkono mmoja na meno. Askari walimwacha.

"Baba mdogo," alisema, "njoo ushike."

Eustakio alicheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Kama mashine yangu ndiyo iliyoua, mashine yangu nimeizima, betri hii hapa miguuni kwangu. Waya huu hauna kitu. Shika."

Alisukumwa mbele, nadhani na watoto wake mwenyewe. Alifika hatua mbili kutoka kwenye waya, akaunyoosha ule mkono wenye vidole viwili, akaurudisha. Jasho lilimtoka kama mtu mwenye malaria. Alimtazama kaka yake, akautazama ukuta wa mashine.

"Zima kwanza," alisema. "Kule ndani, swichi ya nyuma ya mlango. Zima kwanza."

"Fyuzi zilishachukuliwa na askari," Teddy alimwambia. "Hauna umeme."

Watu wote walielewa: aliyejua waya ule unaua na unazimwa wapi ndiye aliyeufunga. Kisha Wasukuma walisimama wote kwa pamoja, na wetu wakasimama, wengine nao wakimwendea Eustakio kumpiga, na risasi zikapigwa hewani. Jiwe la kwanza lilimpata Eustakio kwenye paji la uso. La pili lilimpata Teddy, kwa kuwa alikuwa ameshasimama mbele yake. Ndiyo, alimkinga. Nilipomuuliza baadaye alijibu kwa hasira kwamba amechoka kuona watu wanakufa kwenye waya wake. Askari walimburuta Eustakio mpaka kwenye gari akiwa anavuja damu, na mimi nikabaki namshona mtoto wangu kichwa pale pale chini, bila ganzi, watu wakipigana juu yetu.

Eustakio yuko gerezani. Anselmo hajasema na binti yake tangu siku hiyo. Alijenga upya nyumba, na nikipita Narung'ombe ananisalimia mimi tu, hamwulizii. Nasema wazi: simsamehe. Amosi na Lydia wamehamisha mifugo, lakini Lydia hupita kituoni siku za mnada, hukaa nami kidogo, na huuliza kama Teddy anakula vizuri.

Teddy alirudi chuoni kuanza mwaka wa nne na nyuzi zangu bado kichwani. Uzio aliuacha. Walimu walimwambia ilikuwa kazi nzuri na karibu imekamilika, akawajibu anaanza upya. Alikuwa anatengeneza kiboksi kidogo cha kukaa ukutani karibu na swichi, kinachousikiliza umeme unaotoka na unaorudi, na kikiona mwingine umepotea njiani kuingia ardhini kupitia mwili wa mtu, kinakata wote papo hapo. Aliniambia vitu hivyo vipo madukani kwa wenye uwezo. Cha kwake kingekuwa cha bei ya jembe, cha kufungwa kwenye kila mashine ya kusaga kijijini.

Siku aliyokijaribu alinipigia simu mchana, nikiwa nachanja watoto. Sauti yake ilikuwa chini sana, nikajua mara moja alichokuwa amefanya, kwa sababu nilimlea mimi na namkumbuka na ile pasi. Alikuwa ameushika umeme wa ukutani kwa mkono wake mwenyewe, amesimama peku kwenye sakafu aliyoimwagia maji.

Nilimtukana. Nilimwita majina yote niliyonayo, mbele ya akina mama na watoto wao. Aliniacha nimalize.

"Kimekata, Mama mdogo," alisema. "Umeme umeniachia." Kisha akaanza kulia, na mimi pia, maana wote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja.